Kufuli Lisiwe Kura ya Kariakoo

Jumatatu ya Mei 15, 2023, mteja aliyesafiri usiku kucha kutoka Tunduma akashuka Kariakoo na fedha za mzigo kiunoni alikuta Mtaa wa Kongo unapitika. Hilo peke yake lilitosha kumwambia kuna jambo. Siku ya kawaida mtu huupita mtaa huo kwa bega, akipishana na guta, na kuli mwenye robota kichwani, na winga anayemshika mkono kumwuliza anatafuta nini. Asubuhi ile milango ya chuma ilikuwa imeshushwa fremu kwa fremu, kufuli chini, na wenye maduka wamesimama nje vikundi vikundi, wamekunja mikono.

Walikuwa wamechoshwa na kile walichokiita kamatakamata. Mteja akitoka dukani na mzigo, maofisa wa kodi wanamsimamisha barabarani. Risiti isipolingana na mzigo, mzigo unashikiliwa, na mteja wa Zambia au wa Kongo aliyenaswa mara moja harudi mara ya pili. Juu ya hapo likaja sharti la kusajili stoo. Kwa mtu aliyeshusha kontena moja na kuligawa katika vyumba vitatu vya kupanga, sharti hilo lilionekana kama mlango mwingine wa kuombwa fedha.

Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alifika siku hiyo hiyo. Jumatano, Mei 17, alikutana nao viwanja vya Mnazi Mmoja, na kwa saa nyingi watu waliozoea kutajiana bei walipokezana kipaza sauti kueleza kinachowasibu. Kabla mkutano haujavunjika, kikosi kazi cha kodi kilikuwa kimeondolewa, usajili wa stoo umesitishwa na kamati ya pamoja imeundwa. Sheria ya Fedha ya mwaka ule ilipandisha kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara kujisajili VAT, kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka.

Miezi 13 baadaye kufuli zilirudi. Juni 24, 2024, Kariakoo ilifungwa tena, na safari hii Mwanza, Mbeya na Arusha zikafuata. Viongozi wa wafanyabiashara wakaitwa mezani, na ukaguzi wa risiti za kielektroniki ukasitishwa kwa muda. Oktoba 4 mwaka huo huo Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue.

Mtu akiyapanga matukio hayo kwa mstari mmoja atasema wananchi wamesikilizwa. Kweli wamesikilizwa, na anayebeza ushindi ule hajawahi kulipia kilemba cha fremu Kariakoo. Lakini kuna somo jingine ambalo nchi nzima imejifunza pale bila kufundishwa darasani: kufuli linasikika haraka kuliko kura. Nchi ambayo watu wake wamefika mahali hapo ina kazi ya kufanya, na kazi yenyewe inaanzia chini, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa.

Siasa si mgeni Kariakoo. Jina lenyewe lilitokana na kikosi cha wapagazi wa Kiafrika, Carrier Corps, ambao Waingereza waliwaweka hapo baada ya kuuteka mji kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916. Maelfu ya wapagazi hao walikufa kwa njaa na maradhi katika vita visivyokuwa vyao. Mahali palipobeba jina la watu waliobebeshwa mizigo bila kuulizwa ndipo, miaka chini ya 40 baadaye, watu walipoanza kudai kuulizwa.

New Street, ambayo leo ni Mtaa wa Lumumba, ilikuwa na ofisi ya African Association. Humo ndani chama cha TANU kilizaliwa Julai 7, 1954. Hatua chache kutoka hapo, msimamizi wa soko la Kariakoo alikuwa Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa chama hicho. Mwalimu Julius Nyerere alipoacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955, nyumba ya Sykes ilikuwa miongoni mwa milango ya Kariakoo iliyomfungukia. Mzee Mshume Kiyate, mfanyabiashara wa samaki sokoni hapo, alikuwa katika wazee waliomshika mkono kijana yule kutoka Butiama na kumsimamia mbele ya wenyeji. Kabla ya kuwa na Bunge, wauza samaki, makuli, mama ntilie na makarani wa Kariakoo walikuwa na mahali pa kukutana na lugha ya kuelewana, na siasa ilipita katikati ya meza za soko kama bidhaa nyingine yoyote.

Leo kitu kimoja kimebadilika, nacho kinasahaulika kila mjadala wa ushiriki wa wananchi unapofunguliwa. Mtu wa Kariakoo ya miaka ya 1950 alifanya kazi Kariakoo na kulala Kariakoo. Mtu wa Kariakoo ya leo analala Mbagala, Tegeta, Gongo la Mboto au Kibaha. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita zimebomolewa moja baada ya nyingine, na mahali pake yamesimama maghorofa ya maduka chini na stoo juu. Usiku Kariakoo ina wakazi wachache, mchana ina mji mzima.

Sheria ya uchaguzi wa serikali za mitaa inampa kura mkazi wa mtaa. Ndivyo inavyopasa, kwa kuwa anayelala mahali ndiye anayejua taka zinazolala mlangoni. Ila matokeo yake kwa Kariakoo ni ya ajabu. Mwanamke anayeuza vitenge Mtaa wa Aggrey kwa miaka 15, anayelipa leseni, kodi ya mapato, ushuru wa huduma na ada ya taka katika eneo hilo, hana kura hata moja juu ya mwenyekiti wa mtaa wala diwani wa eneo hilo. Kura yake iko Chanika, mahali anapofika saa 4 usiku na kuondoka saa 11 alfajiri. Kule anapopiga kura hayupo, na hapa alipo hana kura. Akikerwa na jambo, kitu pekee alichonacho mkononi ni funguo za duka.

Hata mkazi halisi wa mtaa, yule aliyebaki katika nyumba ya urithi kati ya maghorofa, hana nguvu kubwa. Chini ya Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982, kijiji kina halmashauri inayotambuliwa kisheria. Inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, na kutunga sheria ndogo zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa walau kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Mtaa wa mjini hauna uwezo huo. Una mwenyekiti, kamati, mtendaji na muhuri. Unaandika barua za utambulisho, unasuluhisha ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba, unapeleka mapendekezo kwenye kata. Kijiji cha kaya mia tatu kinaweza kujiwekea sheria ya mifugo, lakini mtaa wa Kariakoo, unaopitisha bidhaa zinazovaliwa Lubumbashi, Lilongwe na Moroni, hauwezi kuamua saa za kushusha kontena.

Kuna karatasi moja ambayo kila aliyewahi kufuata barua ya utambulisho anaifahamu. Imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya serikali ya mtaa, gundi imeachia kona moja, muhuri wa bluu umefifia kwa jua: "Wakazi wote mnatangaziwa mkutano." Mara nyingi saa iliyoandikwa ni saa ambayo mwenye duka anahudumia wateja, mwajiriwa yuko kazini na mama ntilie ana chungu jikoni. Wanaofika ni wastaafu, wajumbe wa mashina na vijana wasio na kazi. Muhtasari unaandikwa, mahudhurio yanasainiwa, na kwenye jalada inabaki kwamba wananchi wameshirikishwa.

Ngazi iliyo juu ya mtaa nayo imetikiswa mara nyingi mno. Serikali za mitaa zilifutwa nchini mwaka 1972 kwa jina la madaraka mikoani, zikarudishwa kwa sheria za 1982 na kuanza upya 1984. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa na jiji likaendeshwa na tume hadi mwaka 2000. Februari 2021 Rais John Magufuli alivunja tena halmashauri ya jiji, na Manispaa ya Ilala ndiyo ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kila badiliko lilikuwa na sababu zake. Lakini mtu wa Gerezani au Jangwani aliyeyaona yote hayo amejifunza kwamba chombo chake cha uwakilishi kinaweza kuondoka Jumatano na kingine kikaja Alhamisi, bila yeye kuulizwa. Ibara ya 145 na ya 146 za Katiba zinasema shabaha ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kinachopelekwa kinapaswa kukaa kule kilikopelekwa.

Gharama ya pengo hili la uwakilishi imeonekana kwa macho.

Asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16, 2024, ghorofa moja liliporomoka eneo la Mchikichi na Kongo. Waliofika kwanza ni watu wa mitaa ile ile: makuli, mawinga, wauza chai na wenye maduka jirani, waliochimbua kifusi kwa mikono kabla ya mitambo kufika. Zaidi ya watu 80 waliokolewa. Takribani watu 30 walikufa, baadhi baada ya siku kadhaa chini ya zege. Rais aliagiza majengo yote ya Kariakoo yakaguliwe, na Waziri Mkuu akaunda tume.

Kabla ya jengo kuanguka, kibali cha ujenzi, ukaguzi wa nguzo na ruhusa ya kuchimba chini ya jengo lenye watu ni kazi ya mamlaka za karibu kabisa na mwananchi. Kazi ya ujenzi katikati ya Kariakoo haifichiki. Vumbi linaingia dukani kwa jirani, mchanga unamwagwa barabarani, nyundo inasikika hadi kwa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Watu wanaona. Wanachokosa ni mahali pa kusimama na kuuliza swali likaandikwa, likapewa tarehe ya kujibiwa, na asiyejibu akawajibishwa. Mtaa ungekuwa na mahali hapo, na mfanyabiashara asiye mkazi angekuwa na haki ya kusema humo, swali la nguzo lingeweza kuulizwa siku nyundo ya kwanza ilipogonga.

Siku 11 baada ya msiba ule, Novemba 27, 2024, nchi ilipiga kura za vijiji, mitaa na vitongoji. CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi, huku vyama vya upinzani vikilalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao. Mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilikuwa vimejitoa kabisa kwa malalamiko ya aina hiyo hiyo. Mwaka 2014, upinzani ulipokuwa umepata viti vingi jijini, mwenyekiti wa mtaa alijua kwamba akilala, miaka mitano ijayo atalala nyumbani kwake. Hofu hiyo humnufaisha mwananchi wa chama chochote, mwana-CCM akiwemo, maana kiongozi mwenye mshindani hupokea simu. Anayekipenda chama tawala kwa dhati ndiye alipaswa kuwa wa kwanza kudai kura ya mtaa iwe na majina mawili.

Mfano wa wananchi kuipita serikali yao ya karibu ni wa Julai 2024. Soko la Kariakoo lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Serikali ikatoa shilingi bilioni 28 kulijenga upya na kuongeza jengo jipya. Orodha ya watakaorudi ilipotoka, wafanyabiashara ambao hawakuona majina yao waliandamana. Hawakuelekea ofisi ya mtaa, wala kwa diwani, wala halmashauri. Walielekea Lumumba, ofisi ndogo ya makao makuu ya CCM, na hapo ndipo walipopokelewa. Watu wenye akili zao timamu, wenye shida halisi ya riziki, walikaa wakapima ni mlango upi unafunguka, wakaupita mlango wa serikali yao wenyewe na kwenda kubisha hodi kwa chama. Watumishi wa umma wa ngazi zote wanapaswa kuiona safari ile fupi ya miguu kuwa taarifa ya utendaji wao.

Majirani wanapitia njia hiyo hiyo. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka wakipinga mfumo wa risiti wa EFRIS, na Rais Yoweri Museveni akakutana nao Kololo. Juni 25, 2024, siku moja baada ya kufuli za Kariakoo, vijana wa Kenya waliokuwa wakipinga Muswada wa Fedha waliingia bungeni Nairobi. Watu waliuawa kwa risasi, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kutousaini. Katiba ya Kenya ya 2010 inalazimisha wananchi washirikishwe kabla ya sheria kupita, na hoja hiyo hiyo ilitumiwa na Mahakama ya Rufani ya Kenya Julai 31, 2024, kubatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, kabla Mahakama ya Juu haijaugeuza uamuzi huo Oktoba. Mtu anaweza kubishana na hukumu zote mbili, lakini Wakenya wana pa kubishania. Mwananchi anaweza kumwuliza jaji: je, niliulizwa? Mtanzania ana Ibara ya 21 ya Katiba inayompa haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomgusa, ila njia ya kuidai mtaani kwake haijajengwa.

Kisha ikaja Oktoba 29, 2025. Uchaguzi Mkuu ulifanyika bila chama kikuu cha upinzani, Chadema, kwenye karatasi ya kura, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, akiwa mahabusu kwa shitaka la uhaini. Maandamano yalizuka Dar es Salaam na miji mingine, watu wakauawa, intaneti ikazimwa, amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa. Mwezi uliofuata iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Familia zilizozika, na zile zilizotafuta ndugu hospitali kwa hospitali, zina haki ya kwanza ya kusema juu ya siku zile. Lakini aliyezitazama kufuli za 2023 na 2024 hakupaswa kushangaa. Mji ulikuwa umeshasema mara mbili, kwa amani na kwa nidhamu, kwamba njia za kawaida za kusikilizwa zimeziba.

Wapo wanaosema mgomo wa wafanyabiashara ni ulaghai wa kukwepa kodi. Hoja hiyo isitupwe. Kuna maduka Kariakoo yanayouza kwa bei mbili, yenye risiti na isiyo na risiti, na kodi isiyolipwa pale ndiyo dawa inayokosekana kwenye zahanati ya Kilwa. Hata hivyo, mjadala wa kodi unaofanywa siku tatu maduka yamefungwa, mbele ya kamera, kiongozi mkubwa akiombwa atoe amri papo hapo, hauwezi kumtenganisha mkwepaji na aliyeonewa. Wote wanashangilia amri moja. Mazungumzo ya kila mwezi, yenye muhtasari na takwimu, ndiyo yatakayomweka mkwepaji peke yake.

Zipo hatua zinazowezekana bila kusubiri Katiba mpya. Halmashauri ya Jiji inaweza kuwapa wafanyabiashara wa Kariakoo, wa fremu na machinga kwa pamoja, viti vya kudumu kwenye vikao vya kamati ya maendeleo ya kata, wachaguliwe kwa kura ya siri na wenye leseni na vitambulisho vya eneo hilo bila kujali wanalala wapi. Mabaraza ya biashara ya mkoa na wilaya, yaliyo chini ya Baraza la Taifa la Biashara lililoundwa mwaka 2001, yashuke kutoka kumbi za mikutano yakakae sokoni, winga na mama ntilie wayaone kwa macho. Bunge liupe mtaa wa mjini uwezo ambao kijiji kimekuwa nao tangu 1982. Ripoti ya moto wa soko na ya jengo la Mchikichi zisomwe hadharani Mnazi Mmoja, ukurasa kwa ukurasa. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, ibandikwe ukutani kata kwa kata: nani kaomba, kikundi gani kimepata, kiasi gani kimerejeshwa. Na mikutano ya mitaa ya Kariakoo iitishwe Jumapili jioni. Serikali iliyoweza kuzindua biashara ya saa 24 Kariakoo mwaka 2025 inaweza pia kuitisha mkutano watu wakiwa na nafasi.

Wananchi nao wana deni. Jumuiya iliyoweza kufunga maelfu ya maduka kwa asubuhi moja haishindwi kupeleka watu 50 kwenye kikao cha baraza la madiwani bajeti inapojadiliwa, maana mikutano ya baraza iko wazi kwa umma. Haishindwi kumwandikia diwani barua yenye muhuri wa kupokelewa na kudai majibu. Kazi hiyo inachosha, haina kamera, na matunda yake huchelewa. Ndiyo iliyofanywa na watu wa New Street kwa robo karne, tangu African Association ilipoanzishwa 1929 hadi TANU ilipozaliwa.

Uchaguzi ujao wa serikali za mitaa ni mwaka 2029. Bajeti ya Jiji inapitishwa kila mwaka, na itapitishwa mara kadhaa kabla ya siku hiyo. Mwenye duka anayesoma hapa kesho asubuhi, kabla ya kufungua kufuli, aulize jina la mtendaji wa mtaa wa duka lake na tarehe ya kikao kijacho. Asipopewa tarehe, arudi kesho kutwa na jirani zake watano.